Anza na Bati: Mwongozo wa Makazi Baada ya Tetemeko, Kyela na Mwambao wa Nyasa

Desemba 2009 ardhi ya Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilitikisika kwa wiki mbili. Tarehe 6 lilipiga tetemeko la ukubwa wa 5.8, tarehe 8 likaja la 5.9, tarehe 12 jingine. Watu wakaanza kulala nje. Lililozidi yote, la 6.0, ndilo lililokuja nyuma ya mengine, usiku wa kuamkia tarehe 20, saa nane na dakika kumi na tisa kwa saa za Kyela. Wanne walifariki, mamia waliumia, na maelfu ya nyumba zilipasuka au kulala chini. Naamini vifo vingekuwa vingi kuliko hivyo kama watu wote wangekuwa wamerudi ndani.

Ukiwa Kyela usiyahesabu hayo kuwa ya Wamalawi peke yao. Bonde ni moja. Ule ukuta wa milima ya Livingstone unaopanda ghafla nyuma ya Matema ni ufa mkubwa wa ardhi, kaskazini upo mlima Rungwe na ndugu zake wa volkano, na mwendo wa siku chache tu kutoka hapa, Rukwa, tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa kurekodiwa Afrika Mashariki. Tena uwanda wetu umejengwa na tope na mchanga ulioletwa na Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Udongo laini hutikisika zaidi kuliko mwamba, na mchanga uliojaa maji unaweza kulegea kiasi cha kushindwa kubeba msingi.

Ushauri wangu katika mwongozo huu ni mmoja, mengine yote yanauzunguka: usikae kungoja hema, na usikimbilie kusimamisha ukuta uleule ulioanguka. Okoa bati na mbao zako, simamisha paa kwanza, na paa hilo liwe mwanzo wa nyumba ya kudumu.

Wiki za mwanzo

Mitikisiko ya baadaye itakuja, na kama Karonga ilivyoonyesha, inaweza kuzidi ile ya mwanzo. Hakuna mtaalamu awezaye kukuambia siku wala saa, kwa hiyo ujumbe wa simu unaosema "tetemeko kubwa litapiga saa nne usiku" ufute, usiwatumie wengine.

Zima moto wa jikoni, funga gesi, shusha swichi kuu ya umeme. Walio ufukweni, Matema, Ikombe, Itungi na kwingineko, wakihisi mtikisiko mkali wasisimame kutazama ziwa: maporomoko yakiingia majini huweza kusukuma wimbi. Ila ukiwa Matema, unapoondoka ufukweni usijibanze chini ya mlima, kwa sababu mawe huendelea kushuka siku nyingi baada ya ardhi kutulia, hasa mvua ikinyesha.

Sasa nyumba. Usiingie kwa ajili ya televisheni, godoro wala gunia la mpunga mpaka umeizunguka kwa nje mchana kweupe. Tazama pembe kwanza. Kama kuta mbili zinazokutana zimeachana na unaona mwanga katikati, nyumba hiyo haina kinachoishika tena. Tazama baina ya madirisha: nyufa mbili za mshazari zilizokatana ni dalili kwamba ukuta umevunjika kabisa hata kama bado umesimama. Tundika timazi, au jiwe kwenye kamba kama timazi haipo, uone kama ukuta umeegama. Tazama na kisusi, ile pembetatu ya tofali chini ya paa; huko ndiko tofali huanza kudondoka. Nyufa nyembamba za nywele kwenye lipu peke yake si jambo la kukimbiza mtu, lakini lipu likibandukabanduka, gonga uone tofali la nyuma limekaaje.

Jambo hili linahusu pia shule na makanisa. Desturi yetu mtu akipatwa na janga hukimbilia darasani au kanisani, na ni desturi njema mafuriko yanapokuja. Kwa tetemeko, jengo kubwa la tofali lenye kuta ndefu linaweza kuwa baya kuliko nyumba yako. Kagera, tarehe 10 Septemba 2016 saa 9:27 alasiri, tetemeko la 5.9 liliua watu 17 na kuangusha zaidi ya nyumba 2,000, na sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Laleni kwenye uwanja wa shule, msilale darasani, mpaka mhandisi wa halmashauri apite.

Kibanda chenye paa la kweli

Turubai ni la siku chache. Kyela si Dodoma: hapa mvua ni nyingi mno, kilele chake Machi hadi Mei, na ardhi ikishalowa hailaliki. Kwa hiyo unachohitaji haraka ni bati, nalo unalo tayari, liko juu ya kifusi chako.

Wakati wa kuliteremsha, vua kwanza mawe na tofali zilizowekwa juu ya paa kuzuia upepo. Hizo ndizo zitakazokupasua kichwa mtikisiko ukirudi. Ng'oa misumari kwa kucha ya nyundo, usivute bati kwa nguvu likapasuka. Kenchi zilizo nzima zishushwe nzima, watu wanne kila moja, na mbao zipangwe juu ya mawe zisiguse ardhi, maana mchwa hawana msiba.

Kiwango kinachotumika duniani katika misaada ya dharura ni mita za mraba 3.5 kwa kila mtu chini ya paa. Familia ya watu sita inahitaji basi kama mita 21, yaani kibanda cha mita 3.5 kwa 6. Weka nguzo nane za mlingoti: nne pembeni, mbili mbili katikati ya pande ndefu. Zichimbie sentimita 60 hadi 75, na sehemu itakayoingia ardhini ipake oili chafu ya gari. Halafu fanya kile ambacho wengi hukisahau kwa haraka: piga fito za mshazari kila pembe, kutoka chini ya nguzo moja hadi juu ya nyingine. Bila hizo kibanda kitakaa wima siku ya jua na kulala siku ya upepo wa ziwani.

Matundu ya zamani ya misumari yatavuja. Kata vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, weka chini ya kofia ya kila msumari, na laza bati la juu juu ya lile la chini kwa sentimita 15 au zaidi. Kuta kwa sasa ziwe turubai, matete au mianzi iliyopasuliwa, zisifike hadi paa; acha nafasi ya hewa na uizibe kwa chandarua. Joto la Kyela chini ya bati lisilo na hewa huwatoa watoto nje usiku, na nje kuna mbu. Inua sakafu kwa udongo ulioshindiliwa, kama kina cha kiganja, kisha chimba mfereji kuzunguka.

Wapi pa kukiweka? Karibu na nyumba yako, lakini mbali na kuta zilizosimama nusu kwa umbali unaozidi urefu wa ukuta wenyewe. Pawe juu kidogo, pasiwe jaruba la mpunga hata kama limekauka, wala ukingo wa mto, kwa kuwa kingo zilizopasuka huporomoka maji yakijaa. Ukiona mchanga umetoka ardhini na kufanya vichuguu vidogo vyenye maji, hapo ardhi imelegea chini, hama. Vijana watasema kijiji kizima kihamie kiwanja cha mpira. Kwa wiki moja, sawa. Zaidi ya hapo mtu akikaa mbali na shamba lake la kokoa na migomba yake, wezi watavuna kabla yake, na mipaka itaanza kusogea.

Choo kinahitaji akili. Kwa sehemu kubwa ya uwanda maji yako karibu mno na uso wa ardhi, na shimo la kawaida hugeuka kisima kichafu. Kijenge cha kuinuliwa: shimo fupi, juu yake tofali au pipa lisilo na kitako, ngazi mbili za kupandia. Umbali na kisima usipungue mita 30. Watu ishirini kwa choo kimoja ndio mwisho. Kipindupindu Kyela tunakijua, hakihitaji mwaliko. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama kisima hakikuonekana kupasuka, kwa sababu mtikisiko huweza kupasua kuta za ndani na kuchanganya maji ya chooni.

Karatasi

Kabla hujasogeza kifusi, piga picha kila upande wa nyumba, na moja ikuonyeshe wewe na jirani mmoja mkiwa mbele yake. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, jina lako liandikwe, ulione kwa macho yako, uliza lipo katika orodha ya walioangukiwa na nyumba au ya waliopata nyufa. Orodha hiyo hupanda kwenye kamati za maafa za kata, wilaya na mkoa, na Ofisi ya Waziri Mkuu ndiyo inayoratibu maafa kitaifa. Ukikosekana chini, huko juu hutaonekana. Mpangaji naye aandikwe. Mwenye nyumba si yeye peke yake aliyepoteza pa kulala.

Kama unayo hati miliki ya kimila, iweke kwenye nailoni pamoja na vitambulisho. Kama huna, pitia mipaka na majirani wa pande zote mapema, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, maandishi yafanyike. Nasema haya hasa kwa ajili ya wajane. Nyumba ikianguka, shemeji ambaye hajaonekana miaka mitano huonekana. Mama, kibanda chako kisimame juu ya kiwanja chako wiki hiyohiyo, na jina lako mwenyewe liwe kwenye orodha, usiandikishwe kwa jina la mtoto wa kiume aliyeko Mbeya.

Kuhusu fedha, ichukue Kagera kama ilivyokuwa. Michango ilikuja, lakini Serikali ilisema wazi kwamba nguvu yake itaelekezwa kwenye shule, zahanati na barabara, na kwamba haitamjengea kila mtu nyumba. Wengi walivunjika moyo. Mimi naona ni heri kuambiwa mapema kuliko kukaa chini ya turubai miaka miwili ukisubiri. Ukipata mabati ishirini na mifuko ya saruji, panga kwa hiyo. Usiuze saruji ya msaada kununua chakula kabla hujauliza kama kuna mgao wa chakula. Saruji itakuwa ghali zaidi miezi miwili mbele, kila mtu atakapokuwa anajenga.

Kujenga upya

Kifusi chako kina habari, kisome kabla ya kukizoa. Chukua tofali moja la kuchoma lililoanguka. Kama udongo wake umebanduka wote, likabaki safi kana kwamba halijawahi kujengewa, basi udongo haukulishika kamwe. Hilo ndilo tatizo la nyumba nyingi kuanzia Karonga hadi Ipinda: tofali si mbaya, lakini zimejengwa kwa udongo mtupu, kisha zikapigwa lipu la saruji kwa nje, na mwenye nyumba akaamini ana nyumba ya saruji.

Pima tofali moja moja. Gonganisha mawili: yakilia kwa sauti kali yameiva, yakitoa sauti butu hayajaiva. Liachie moja lianguke kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likivunjika, litumie kujaza sakafu, lisirudi ukutani. Mchanga nao uupime. Tia mchanga kwenye chupa ya maji hadi nusu, ongeza maji, tikisa, uache hadi kesho. Tope likikaa juu ya mchanga kwa tabaka nene, huo uoshe au tafuta mwingine. Mchanga wa Kiwira unafaa pale tu usipochimbwa mahali maji yanaposimama.

Sasa lenta, nami hapa nitakaa kidogo. Mafundi wetu wengi huweka lenta ya vipande: nondo na zege juu ya mlango, juu ya dirisha, kisha tofali tupu baina yake. Kipande hicho kinabeba dirisha lakini hakishiki nyumba. Kinachotakiwa ni lenta ya kuzunguka, mkanda mmoja wa zege unaopita kuta zote bila kukatika, ndani na nje, mpaka urudi ulikoanzia. Nondo mbili za milimita 10 zinatosha kwa nyumba ya chini yenye vyumba vya kawaida, zikishikwa na ringi za milimita 6 kila sentimita 15. Ila ubora wake wote uko kwenye kona. Simama kwenye kona zege halijamwagwa utazame: je, nondo ya nje imepinda kuzunguka kona na kulala juu ya mwenzake sentimita 60, au zimekutana tu ncha kwa ncha na kufungwa waya? Zikiwa ncha kwa ncha, mwambie fundi azifungue. Atakasirika, atakuambia amejenga miaka ishirini hivyohivyo. Mjibu kwa heshima kwamba nyumba unayoijenga upya nayo ilijengwa hivyohivyo.

Baada ya kumwaga, mwagilia zege maji asubuhi na jioni kwa siku saba, funika magunia yenye unyevu. Jua la Kyela likilikausha kwa siku mbili linabaki vumbi lililoshikana. Na tofali zenyewe ziloweshwe kabla ya kujengwa, la sivyo zitafyonza maji ya mota na saruji haitashika. Ndoo moja ya saruji kwa sita za mchanga, ikorogwe ya kutosha saa moja tu. Iliyoanza kuganda usiiongeze maji.

Nondo zimekushinda bei? Yapo mengine. Mbao mbili za nne kwa mbili zilazwe sambamba juu ya ukuta, ziunganishwe kwa vipande vya mbao kila nusu mita kwa umbo la ngazi, zipishane na kupigiliwa vizuri kwenye kona, zipakwe oili, tofali ziendelee juu yake. Huko Himalaya mbinu ya namna hii ni ya zamani. Si sawa na zege, lakini inazidi mara nyingi ukuta usio na mkanda wowote.

Mengine niyapitie haraka. Msingi ufike udongo mgumu, angalau sentimita 60, na mkanda mwingine wa zege uwe juu ya msingi. Ukuta uwe wa tofali la kulaza, usiwe wa kusimamisha. Chumba kisizidi mita nne upande mmoja bila ukuta wa kukishika. Dirisha au mlango ukae mbali na kona sentimita 60 au zaidi, na upana wa matundu yote ya ukuta mmoja usizidi nusu ya urefu wa ukuta huo; najua madirisha makubwa ya vioo ni fahari, lakini usiyarundike upande wa barabarani. Kisusi usikijenge kwa tofali tena: kizibe kwa bati au mbao, au ezeka paa la pande nne. Kenchi zifungwe kwa waya uliozamishwa ndani ya lenta.

Nyumba iliyopata nyufa bila kuachana pembe inaweza kuokolewa. Bandua lipu kwenye kona na juu ya madirisha, weka vipande vya wavu wa chuma ndani na nje ya ukuta, viunganishwe kwa waya kupitia ukuta, kisha lipu la saruji. Kuziba ufa kwa saruji peke yake ni kuuficha.

Mianzi

Kuna nyumba ambayo mwongozo wowote wa Kyela usioitaja umekosa. Wanyakyusa walijenga kwa mianzi na udongo tangu kabla ya tofali za kuchoma, kwa ustadi uliowavutia wageni wa karne ya 19, Joseph Thomson aliyepita kaskazini mwa Nyasa mwaka 1879 akiwa miongoni mwao. Leo nyumba ya namna hiyo inaitwa ya kimaskini. Lakini ikitikiswa hunesa, viungo vyake vimefungwa, na ikianguka haikuangushii tani za tofali. Baada ya tetemeko lililoupiga mji wake wa Armenia, Januari 1999, Colombia iliingiza nyumba za mianzi zilizopigwa lipu la saruji katika kanuni zake za ujenzi, na huko zinakubalika kwa familia za kawaida kabisa.

Kwa hiyo kile kibanda cha nguzo nane ulichosimamisha wiki ya kwanza kina thamani. Kijengee msingi wa tofali wa sentimita 30 au zaidi ili mianzi isiguse unyevu, weka fremu ya mbao, pigilia mianzi iliyopasuliwa ndani na nje, jaza au piga udongo, kisha lipu jembamba. Mwanzi uwe wa miaka mitatu kwenda juu, ukatwe kiangazi, ulowekwe majini wiki kadhaa kisha ukaushwe kivulini, kwani mwanzi mchanga wenye utamu ndio bungua huupenda. Bati liko juu tayari. Watu walioanza na chumba kimoja cha hivi wanaweza kuongeza cha tofali pembeni mwaka ujao, chenye lenta yake, bila kulala nje hata siku moja.

Fundi mlipe kwa hatua, kama walivyofanya India baada ya tetemeko la Gujarat 2001 na Pakistan baada ya lile la 2005, ambako mwenye nyumba alipewa fedha za hatua inayofuata baada ya iliyotangulia kukaguliwa. Mlipe sehemu moja msingi ukiisha, nyingine kuta zikifika usawa wa lenta, na ya tatu usiitoe mpaka umezikagua kona zote nne zikiwa bado wazi, mchana, wewe na mtu mwingine anayejua kutazama.